Mkono usio na mapigo na ultrasaundi ya shingo: majibu kwa wasomaji

Barua za safari hii zimetoka Mufindi, Songwe, Njombe, Mbeya mjini, Iringa na Makambako. Zote zinahusu ugonjwa wa kuvimba kwa kuta za mishipa mikubwa ya damu, na namna ultrasaundi ya shingo inavyosaidia kuutambua. Swali la tabibu wa Songwe tumelipa nafasi kubwa kuliko mengine, kwa sababu mashine anayoizungumzia ipo katika hospitali nyingi za wilaya. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuielekeza mahali panapotakiwa.

Shikamooni. Nina miaka 26, nachuma chai huku Mufindi. Mkono wa kushoto unachoka na kuuma nikichuma kwa dakika chache, nikipumzika unaacha. Nesi wa zahanati alipima presha mkono huo mashine ikagoma kusoma. Wa kulia ikatoka 150/90. Daktari ameniandikia ultrasaundi ya shingo. Mbona shingo, na kinachouma ni mkono? Si baridi tu ya huku?

Marahaba, dada. Daktari wako yuko sahihi, na tunakuomba usiahirishe kipimo hicho.

Baridi ya Juni na Julai huwapa watu wengi wa Mufindi na Makete vidole vyeupe au vya bluu, lakini kwa kawaida hupata mikono yote miwili, na mapigo ya kifundo cha mkono na kiwiko hayapotei. Baridi haiufanyi mkono mmoja ukose presha. Mkono unaouma kwa kazi na kutulia kwa mapumziko ni mkono usiopata damu ya kutosha.

Damu hiyo hutoka kwenye aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, na kupita katika ateri iliyo chini ya mtulinga. Ateri za shingo, yaani karotidi, huchipuka jirani kabisa na hapo. Upo ugonjwa unaoitwa Takayasu, kwa jina la Mikito Takayasu, daktari wa macho wa Japani aliyeeleza dalili zake mwaka 1908. Huvimbisha kuta za aota na matawi yake, na huwapata zaidi wanawake, mara nyingi kabla ya miaka 40. Ukuta ukinenepa kwa ndani, njia ya damu inabana. Ateri ya mkono wa kushoto ni miongoni mwa zinazoshambuliwa sana, ila mwanzo wake umejificha nyuma ya mifupa ya kifua ambako ultrasaundi haifiki vizuri. Karotidi iko karibu na ngozi, na mara nyingi huwa imeguswa na ugonjwa hata kama mgonjwa hasikii chochote shingoni. Ndiyo maana shingo hupimwa ili kueleza maumivu ya mkono.

Kipimo hakina sindano wala mionzi, na huchukua kama nusu saa. Vaa blauzi yenye shingo wazi, acha mkufu nyumbani. Mwambie mpimaji kama shingo inauma ukiigusa, kama unapata kizunguzungu ukiinua mikono kusuka nywele, kama macho huingia giza, au kama umekuwa na homa na kupungua uzito bila sababu. Presha ya 150/90 kwa mtu wa miaka 26 nayo inahitaji maelezo: inawezekana ateri za figo zimebana. Omba figo zipimwe siku hiyohiyo, na kwa ajili ya hilo usile kwa muda wa saa sita hadi nane kabla, maana gesi ya tumbo huziba picha.

Ukipata ganzi au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kushindwa kutamka maneno, jicho kuzima ghafla au maumivu makali ya kifua, usingojee siku ya miadi. Hiyo ni dharura.

Mimi ni tabibu hospitali ya wilaya, Songwe. Mashine yetu ya ultrasaundi hushinda kwenye kazi ya wajawazito. Nimeletewa wasichana wenye mapigo hafifu mikononi. Nipime nini hasa shingoni, kwa namba zipi, na watu hukosea wapi?

Ndugu tabibu, anza bila mashine. Mgonjwa akae dakika tano, upime presha mikono yote miwili, kisha urudie. Tofauti ya mmHg 20 au zaidi kwenye namba ya juu imo katika vigezo vya ACR na EULAR, vyama vya madaktari wa baridi yabisi vya Marekani na Ulaya, vya mwaka 2022. Vigezo vya 1990 viliridhika na tofauti ya zaidi ya 10. Mikono yote ikiwa chini, usiandike kwamba presha ni nzuri. Funga kafu pana (mkanda wa kupimia presha) pajani na usikilize nyuma ya goti. Kwa kawaida namba ya juu ya mguu hulingana na ya mkono au huizidi kidogo; ikiizidi kwa mbali, shuku kwamba ateri za mikono yote miwili zimebana na presha halisi ya mwili ni ile ya mguuni. Gusa mapigo ya kifundo cha mkono, kiwiko, shingo na kinena. Weka stetoskopu juu ya mtulinga, pembeni mwa shingo na juu ya kitovu, usikilize mvumo.

Sasa mashine. Unahitaji probu yenye uso bapa, ile inayotumika kwa tezi la shingo na matiti, ya megahezi 7 hadi 15. Probu ya tumbo ya megahezi 2 hadi 5 haiwezi kukuonyesha vipande vya milimita. Ihifadhi kwa aota ya tumbo na figo. Mlaze mgonjwa chali bila mto mrefu, kitambaa kilichokunjwa kiwe chini ya mabega, uso ugeukie upande wa pili kidogo tu, misuli isikaze. Asubuhi za baridi tumbukiza chupa ya jeli kwenye maji ya vuguvugu, kwa sababu mgonjwa anayetetemeka hukaza shingo na picha huharibika.

Anza na picha nyeusi na nyeupe, bila rangi ya dopla, ile inayoonyesha damu inavyopita. Tunalisisitiza hili kwa sababu ndipo vipimo vingi vya shingo vinapopotea. Mpimaji anawasha rangi, anaona damu inapita, anaandika kwamba kila kitu ni kawaida. Rangi humwagika juu ya ukuta na kuuficha, na katika ugonjwa huu ukuta ndio unaotafutwa. Takayasu iliyo changa huweza kuwa na damu inayopita vizuri kabisa ndani ya ukuta ulionenepa mara mbili ya kawaida.

Weka kina cha sentimita 3 hadi 4, fokasi iwe kwenye ateri, na upunguze geini (mwangaza wa picha) mpaka ndani ya mshipa pawe peusi. Kata kwa upana kuanzia juu tu ya mtulinga, ukiiinamisha probu ichungulie kifuani. Upande wa kulia utaona pale shina linapogawanyika kuwa karotidi na ateri ya mkono. Panda polepole hadi chini ya taya. Mshipa wenye afya una ukuta mwembamba. Uliovimba una pete nene inayouzunguka pande zote.

Kisha geuza probu ukate kwa urefu. Ukuta wa mbali, yaani ulio chini kwenye skrini, huonyesha mistari miwili myeupe sambamba yenye ukanda mweusi katikati. Pima kutoka ukingo wa juu wa mstari wa kwanza hadi ukingo wa juu wa mstari wa pili. Pima mahali patatu, sentimita moja au zaidi chini ya balbu (pale karotidi inapotanuka kabla ya kugawanyika), kisha pima tena karibu na mtulinga. Kwa kijana, unene huo huwa karibu nusu milimita. Ukipita milimita 1 kwa msichana wa miaka 20, tena pande zote na kwa urefu wa sentimita kadhaa, una jambo zito mkononi. Katika Takayasu iliyokomaa ukuta huweza kufika milimita 2 au 3. Mpangilio huo wa ukuta mnene, laini na mrefu ndio wapimaji wanaouita alama ya makaroni, iliyoandikwa na watafiti wa Japani mwaka 1991. Mara nyingi hushika karotidi ya pamoja, yaani shina la chini, na kusimama karibu na panda, pale shina linapogawanyika, huku karotidi ya ndani, tawi la kwenda kwenye ubongo, ikibaki salama. Mtu anayepima balbu na panda tu, kama alivyozoea kwa wazee wenye kiharusi, atapita juu ya ugonjwa bila kuuona.

Ukishapima ukuta, washa rangi, halafu dopla ya mawimbi, inayopima kasi ya damu. Pembe kati ya mawimbi ya mashine na mkondo wa damu iwe digrii 60 au chini yake, na kishale kilale sambamba na ukuta. Ukiiacha pembe ipande hadi 70, kosa dogo la kuilaza huleta kosa kubwa kwenye kasi. Mahali penye kasi mara mbili ya ile ya kabla tu ya hapo pamebana kwa nusu au zaidi. Ile namba maarufu ya sentimita 125 kwa sekunde ni ya karotidi ya ndani, iliwekwa kwa ajili ya wagonjwa wenye mafuta mishipani. Usiitumie kupima karotidi ya pamoja. Tazama na umbo la wimbi: likipanda taratibu na kuwa fupi kuliko la upande wa pili, kizuizi kiko chini zaidi, kifuani, usikofika wewe.

Usiishie hapo. Pima ateri ya chini ya mtulinga na ya kwapa, pande zote mbili. Kwapani nako milimita 1 ndiyo mpaka unaotumiwa sana. Tafuta ateri ya uti wa shingo katikati ya vivuli vya pingili, uone damu inaelekea wapi. Ikirudi chini badala ya kupanda kichwani, mkono unanyonya damu ya ubongo, na hapo ndipo kizunguzungu cha mtu anayepiga jembe au kutwanga kinapotoka. Malizia na probu ya tumbo kwenye aota na ateri za figo.

Makosa tunayoyaona mara kwa mara ni haya. Kukata mshipa kwa mshazari hufanya ukuta uonekane mnene. Mistari miwili isipokuwa mikali na sambamba, usipime. Kubonyeza probu hubana mshipa na kumuumiza mgonjwa ambaye shingo yake tayari inauma. Kulinganisha kushoto na kulia peke yake hudanganya, kwa kuwa ugonjwa huu hupenda kushika pande zote mbili kwa usawa. Na kabla hujaandika kwamba mshipa umeziba kabisa, shusha skeli ya kasi na uongeze geini ya rangi, maana damu inayopita polepole sana haionekani kwenye mipangilio ya kawaida.

Andika namba kwenye ripoti: unene kila mahali ulipopima, urefu wa sehemu iliyonenepa, kasi, upande, na kama ukuta ni mweusi au mweupe. Neno "kawaida" bila namba halimsaidii daktari bingwa atakayempokea huyo msichana.

Mimi ni mzee wa miaka 67, Njombe. Ripoti yangu inasema ukuta wa karotidi ni mnene, mm 1.1, na kuna uvimbe mdogo wenye chokaa kwenye panda. Je, ni ugonjwa huo wa mishipa?

Shikamoo, mzee wetu. Kwa maelezo hayo, hapana, si rahisi. Ukuta hunenepa na umri, presha, kisukari na sigara. Mafuta yaliyoganda hukaa upande mmoja wa ukuta, hupendelea balbu na panda, hushika chokaa na kutupa kivuli cheusi chini yake. Kinachokuhusu ni presha, lehemu na sukari, na kuacha tumbaku kama unatumia.

Upo hata hivyo ugonjwa wa ndugu yake Takayasu unaowapata watu wenye zaidi ya miaka 50, uvimbe wa ateri wenye seli kubwa. Umeenea zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini na ni nadra kwetu, lakini upofu wake haurudishiki. Maumivu mapya ya kichwa panjani, ngozi ya kichwa inayouma ukichana nywele, taya linalochoka ukitafuna, au jicho linaloingia giza: ukiwa na hayo nenda hospitali leo. Ultrasaundi ya panja huonyesha utepe mweusi kuzunguka ateri, lakini dawa haipaswi kungoja picha, kwa sababu utepe huo huanza kufifia ndani ya siku chache za matibabu na jicho likishapotea halirudi.

Mimi ni muuguzi kliniki ya VVU na kifua kikuu, Mbeya mjini. Mgonjwa wetu kijana ana VVU na karotidi isiyo ya kawaida. Tuiite Takayasu?

Sista, msiharakishe jina hilo. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 uliikuta Njombe na asilimia 11.4 ya watu wazima wenye VVU, Iringa 11.3 na Mbeya 9.3. Kwa hiyo huku kwetu VVU lazima viwe kwenye fikra za kila anayepima mshipa wa kijana. Virusi vyenyewe huharibu mishipa mikubwa, na alama yake kuu ni kutuna: mfuko unaochomoza upande mmoja wa ateri, mara nyingine mifuko kadhaa, shingoni au pajani. Takayasu shingoni hubana zaidi kuliko kutuna. Mkiona mfuko, msiubonyeze kwa probu, na mgonjwa apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa mishipa. Kaswende ya muda mrefu hupenda aota inayopanda kutoka moyoni. Kifua kikuu huweza kula ukuta wa aota kutoka kwenye tezi jirani.

Kabla ya prednisoloni, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe wa mishipa, apimwe VVU, kaswende, homa ya ini ya B na sukari, apigwe picha ya kifua, na makohozi yaende GeneXpert, mashine ya kutafuta kifua kikuu, kama anakohoa. Kwa watu wanaotembea peku mashambani, minyoo ya strongiloidesi huweza kusambaa mwili mzima na kuua mtu akianza steroidi. Ivermektini kabla ya kuanza humlinda. Waangalieni na dawa anazotumia. Rifampisini hupunguza nguvu ya prednisoloni mwilini, ritonaviri huiongeza. Daktari anayeandika dozi asipojua mojawapo ya hizo, dozi yake haitakuwa sahihi.

Natumia prednisoloni miezi minane kwa Takayasu, sasa na methotreksati. Nipo Iringa. ESR imerudi kawaida lakini ultrasaundi bado inaonyesha ukuta mnene. Dawa haifanyi kazi? Na ulanzi kidogo una shida?

Ukuta wa karotidi hupungua taratibu, kwa miezi, na wakati mwingine haurudi kabisa kwa sababu kovu limekaa mahali pa uvimbe. Ukuta uliovimba upya huelekea kuwa mweusi kwenye picha. Wa zamani huwa mweupe na mkali. Kwa hiyo unene peke yake hausemi kwamba dawa imeshindwa. Lakini na ESR nayo haiaminiki yenyewe: ugonjwa huweza kuendelea huku ESR na CRP, vipimo vya damu vya uvimbe mwilini, zikiwa kawaida. Daktari huunganisha dalili zako, mapigo, presha, damu na picha. Ujumbe mbaya ni sehemu mpya iliyonenepa au iliyobana ambayo haikuwapo. Ndiyo maana ni bora upimwe kwenye mashine ileile, mahali palepale, na uende na ripoti na picha zote za zamani.

Dozi ya kuanzia ya prednisoloni, kwa mwongozo wa EULAR, ni miligramu 40 hadi 60 kwa siku, kisha hushushwa kwa miezi. Usiiache ghafla hata ukijisikia mzima. Mwili uliozoea dawa hiyo huweza kuanguka presha na kupoteza fahamu. Methotreksati ni mara moja kwa wiki, siku ileile, pamoja na asidi ya foliki. Mtu aliyeinywa kila siku kwa kukosea huharibu uboho na midomo hujaa vidonda. Hushambulia ini, kwa hiyo ulanzi uache, hata kidogo. Na usishike mimba ukiwa unaitumia. Zungumza na daktari mapema ili ibadilishwe.

Ultrasaundi ya shingo ikiwa safi, ina maana sina ugonjwa?

La. Haioni sehemu kubwa ya aota ya kifuani kwa sababu ya mifupa na hewa ya mapafu. Mapigo yakiwa hafifu na dalili zipo, kinachofuata ni MRI, picha ya sumaku, ambayo EULAR iliiweka mbele kwa Takayasu katika mapendekezo ya 2018, au siti skani yenye dawa ya mishipa. Kwa siti skani figo zipimwe kwanza. Piga simu Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya kabla ya safari uulize kipimo kipi kinafanyika wiki hiyo na gharama yake, au daktari wako aandike rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Nina mimba ya miezi minne, Makambako, na mkono wa kushoto hauna mapigo tangu nigundulike na ugonjwa huu. Kliniki hunipima presha mkono wowote ulio karibu na mashine. Niseme nini?

Dada, sema wazi, kila mara, kabla kafu haijafungwa. Mkono wenye ateri iliyobana huonyesha namba ndogo kuliko ilivyo kweli, na kifafa cha mimba huweza kukujia huku kadi ikionyesha 110/70. Daktari wako akishathibitisha kwa ultrasaundi kwamba ateri ya mkono wa kulia iko wazi, aandike juu ya kadi yako ya kliniki kwa kalamu nyekundu: "Presha ipimwe mkono wa kulia tu." Ikiwa mikono yote miwili imebana, aandike ipimwe mguuni, na kafu pana ya paja iwe inajulikana ilipo kabla ya siku ya kujifungua.